Mtani wa Mwanahawa

Mwanahawa binti Mabruki alikuwa na mdomo, jamani, tusidanganyane. Mtu mzima na heshima zake akipita mtaani kwetu Mtendeni asubuhi aliongeza mwendo akikaribia jiko lake la vitumbua, maana neno lazima angerushiwa. Kwao walikuwa Wazaramo. Babu yake alipanda na msafara kutoka pwani, akafika Tabora miguu imevimba, akaoa, akabaki. Kwa hiyo kila Mnyamwezi wa mji huu alikuwa mtani wake, na watani, kama ujuavyo, hawanuniani. Mtani atakutukana huku anakula chakula chako, nawe utacheka.

Mtani wake mkubwa alikuwa Bundala, fundi baiskeli, aliyefanyia kazi zake ng'ambo ya njia, wakitazamana. Mwanahawa aliachwa na mume, hana mtoto. Bundala alikuwa kapera aliyekwisha kuota mvi.

"Mke wangu, umeamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake, halafu anachukua kitumbua bila kuuliza.

"Mke wa nani, mla michembe wee, viazi vikavu vya kwenu! Babu yako alibeba mizigo ya babu yangu mpaka kichwa kikawa bapa, nawe umekirithi!"

Akimaliza kutukana anamnyang'anya kofia, anakaa nayo mpaka jioni. Miaka sita walikwenda hivyo. Mtaa mzima ulicheka, na hakuna aliyefikiri lolote.

Isipokuwa Mwanahawa mwenyewe. Alimpenda yule mwanamume. Neno hili nalisema wazi kwa sababu yeye alilimeza. Kile kitumbua kilichoiva vizuri pande zote alikiweka kando kila siku, na kila siku alijiuliza jambo moja tu: huyu ananiita mke wake kwa utani, au kuna neno ndani yake? Sasa utamwulizaje mtani? Ukimwuliza kwa dhati atajibu kwa mzaha, na ukimwuliza kwa mzaha hujapata kitu.

Ndipo redio ikaleta mchezo. Kaka yake Mwanahawa, Abbasi, mwenye hoteli ya chai, alinunua redio ya betri, ya kwanza pale mtaani. Kila Alhamisi jioni watu walijaa kwake kusikiliza mchezo kutoka Dar es Salaam, wa Kombo, karani wa stesheni, na Tausi, muuza uji. Hao wawili waligombana tangu mwanzo hadi mwisho. Kombo anausema uji, Tausi anaisema suruali ya Kombo. Lakini Kombo hanywi uji kwingine, na Tausi hamwuzii mtu kabla Kombo hajafika. Basi Mtendeni hakukukalika! Wapo waliosema hawa ni wapenzi, wapo waliosema ni watani tu, na wapo majirani waliobishana mpaka wakanyimana moto wa jikoni.

Alhamisi moja Kombo akashikwa na homa. Tausi akampelekea uji chumbani. Tukasikia mlango, tukasikia bakuli linawekwa chini, halafu kimya. Kimya kirefu, hata wanywaji chai wakashusha glasi. Kisha zikapigwa zile ngoma za kumalizia, na mchezo ukaisha. Loo!

"Wameshikana mikono," alisema Mwanahawa.

"Betri za Abbasi zimekwisha," alisema Masele, dereva wa lori, na watu wakacheka.

"Betri gani? Tangu lini Tausi akanyamaza? Leo amekosa tusi kwa sababu mapenzi yamemjaa kooni!"

"Wale watani, dada. Mtani akiugua unampelekea uji. Ndiyo mila."

Hoteli ikagawanyika. Huyu anapiga meza, yule anaapa kwa mama yake. Mwanahawa alijua vizuri kwamba hapiganii mambo ya Tausi. Akamgeukia Bundala aliyekaa karibu na mlango.

"Wewe mla michembe, mbona umekaa kimya? Sema. Kombo anampenda Tausi, au hampendi?"

Shingo zote zikageuka. Abbasi alikuwa ameweka mkono juu ya redio yake, anamkazia macho Bundala. Bundala akaizungusha glasi ya chai.

"Utani," alisema mwishowe. "Utani tu ule. Msiongeze chumvi."

Upande wa Masele ukalipuka kwa shangwe. Mwanahawa akacheka kuwapita wote, akasema Wanyamwezi hawana masikio. Akaenda nyumbani, akajifunika gubigubi, akalia kama aliyefiwa.

Kulipokucha alihamishia jiko lake upande wa stesheni. Akasema kule kuna wateja wengi. Uongo mtupu! Siku moja alimwona Bundala anakuja upande ule akikokota baiskeli. Akampa mgongo, akajitia anachochea moto, mpaka akapita.

Mavuno yalipokwisha tukasikia Bundala amepeleka posa kijijini Puge, kwa binti aitwaye Minza.

Siku ya bibi harusi kuletwa, wanawake walimfuata Mwanahawa. Desturi ya pale mtaani ilikuwa mtani akae kizingitini, adai ameporwa mume, na bibi harusi asiingie mpaka mtani apewe kitu. Alikataa, wakamkokota. Akakaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Mzaha aliutunga njiani, lakini lori la Masele liliposimama akamwona Bundala ndani ya koti jipya, mzaha wote ukampotea.

"Huyu ni wangu," alisema. "Miaka sita namwekea kitumbua. Nampenda, jamani. Nampenda, naye ananiacha."

Machozi yakamtiririka. Watu wakavunjika mbavu. Masele alishika mlango wa lori asianguke. "Mpelekeni Dar es Salaam huyu! Tausi hamwezi!" Hata Minza alitikisika kwa kicheko ndani ya ushungi.

Bundala hakucheka. Akachuchumaa mbele yake kama anayepatana naye, akasema chini chini:

"Ulitaka nimtake dada wa mtu mbele ya kaka yake, kwa habari za redio? Nilikuja asubuhi yake nikuambie mwenyewe. Jiko halipo. Nikakufuata stesheni, ukanipa mgongo. Nikasema basi, umenikataa."

Mwanahawa akainua uso, akamtazama.

"Mpeni mtani kuku wake, bibi harusi anaungua jua!" watu walipiga kelele. Kuku akatupwa mapajani mwake. Nyuma ya Bundala, Minza alikuwa amesimama anangoja, na yule msichana hakuwa amemkosea mtu.

Mwanahawa akainuka, akajipangusa vumbi, akawapisha. Akapiga kigelegele cha kwanza, kama ilivyompasa, na wengine wakamfuata. Kisha akashika njia ya kwake, kuku kwapani.

"Mwanahawa!" walimwita waliokuwa barazani. "Mumeo yuko wapi?"

"Kaoa," alijibu, nao wakacheka sana.