Dada Aliyetusomea Tukibangua Korosho

Asubuhi ile tulikuwa tunabangua korosho uani kwa dada yangu Zuhura, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mimi ni wa Nkowe, Ruangwa; nilikwenda kumsaidia msimu mmoja nikanogewa. Dada aliachika huko, akabaki kwa ajili ya mikorosho yake.

Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua vidole, na mkono wenye mafuta yale haushiki kitabu. Kwa hiyo anayewasomea wenzake wakibangua, yeye habangui. Kila mmoja humtolea kiganja cha korosho zake. Msomaji wetu alikuwa dada. Aliishia darasa la saba, lakini vitabu vinene alivyonunua chakavu sokoni Nachingwea alivisoma mpaka akawa mtu wa kuulizwa mambo. Mimi sikumaliza hata la tatu. Nilitamani kusoma kama yeye, naye kila jioni alinikalisha na ukurasa.

"Usiruke neno, mdogo wangu," aliniambia. "Ukizoea kuruka, utaruka yote."

Asubuhi ile, dada akiwa anatusomea, tukasikia risasi.

Tulikimbilia porini pamoja na jirani yetu na wanawe wadogo. Kitabu kilibaki mkekani.

Tulijificha bila chakula, ila korosho zenye maganda tulizofunga kwenye kanga. Hizo haziliwi mpaka zikaangwe, na moshi wake ni mzito, mweusi, huonekana mbali. Sote tulijua. Lakini watoto walikuwa wameacha hata kulia, wanatutazama tu.

"Nakaanga chache," dada alisema. "Upesi upesi."

Wenye bunduki waliufuata moshi.

Dada alitusukuma upande wa mto. Mwenyewe akabaki kuufukia moto kwa mchanga.

Nilisikia mlio mmoja.

Leo hapa Nkowe wapo wanaosema: msomi gani yule, asiyejua moshi wa korosho? Alijua. Wao hawakuwaona wale watoto.

Mimi niliendelea peke yangu, neno kwa neno, kitabu baada ya kitabu. Mengi nimeyaelewa ambayo sikuwahi kufundishwa na mtu. Siku za kubangua, wanawake wenzangu hunikalisha pembeni na mikono yangu misafi, niwasomee. Wananiita mwalimu. Naitika, tena nafurahi, sitadanganya.

Lakini ningepewa kuchagua, ningechagua ujinga wangu, na dada yangu awe hai.