Tarishi wa parokia na maneno mawili aliyoyaongeza

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya milima ya Matogoro. Devota Komba amesimama mbele ya meza ya katibu wa parokia mjini Songea, mikono ameifumbata. Anarudia maneno aliyopewa. Akikosea moja, anaanza upya.

Mara ya tatu hakosei. Katibu, mzee Otto, anaitikia kwa kichwa. Kisha anamtajia anayepelekewa ujumbe, na Devota anaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

Ni Brigita.

Devota ana miaka 54, na kwa miaka kumi na sita amekuwa tarishi wa parokia hii. Anapeleka barua kwenye vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, matangazo ya ndoa, vyeti vya ubatizo. Posho yake ni shilingi elfu tisini kwa mwezi. Lakini kazi inayomnyima usingizi haina bahasha. Ni kupeleka habari nzito kwa mdomo.

Katika parokia hii habari ya kufiwa au ya mgonjwa aliyezidiwa haipelekwi kwa simu. Simu inaweza kumkuta mtu yuko peke yake kisimani, au amebeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo anatumwa mtu. Naye ana taratibu zake: hafiki uani kwa pikipiki, anashuka mbali na kutembea. Hakai kwenye kiti wala hanywi maji kabla hajasema alichotumwa.

Kazi hiyo Devota anasema alifundishwa na malaika, na hasemi kwa mzaha. Alipokuwa msichana, katekista aliwaambia kwamba malaika maana yake ni mjumbe. Wengine walibaki wakiwaza mabawa. Yeye aliwaza safari.

"Gabrieli alipokwenda kwa Maria hakwenda na habari zake mwenyewe," anasema taratibu. "Alisema alichopewa, akajibu alichoulizwa kwa kadiri alivyojua, akaondoka. Hukusikia amebaki pale kunywa chai."

Utaratibu huo aliuvunja mara moja tu, miaka miwili iliyopita.

Siku hiyo Selestine, mume wa Brigita, alianguka sokoni mjini na kupelekwa hospitali. Ujumbe ulikuwa mfupi: mumeo amelazwa, hali si nzuri, uje. Devota alimkuta Brigita ameanika mahindi ya msimu mzima uani, na wingu limetanda. Aliposema ujumbe, alimwona mwenzake anavyotetemeka midomo. Akamhurumia.

Akaongeza maneno mawili: "Usihofu, atapona."

Brigita alishusha pumzi. Akayaanua mahindi kwanza, akayajaza kwenye magunia yasije yakaloa, akalala, akaja mjini asubuhi. Selestine alikuwa amefariki saa tatu usiku, akiulizia mkewe.

Tangu siku hiyo Brigita hajamsalimia Devota. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, humpa mkono jirani wa kulia na jirani wa kushoto, akamruka Devota.

"Watu wananiambia hata malaika walisema usiogope," anasema Devota. "Ni kweli walisema. Lakini walitumwa waseme. Mimi nilijituma."

Leo ujumbe unamhusu Leticia, binti pekee wa Brigita. Amejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya mjini, na damu haijakatika. Mumewe, mwalimu Dennis, yuko Nakapanya, mbali upande wa Tunduru, na ndiyo kwanza anatafuta usafiri. Ndugu wa karibu ni mama.

Mzee Otto alikuwa tayari kumtuma mtu mwingine. Devota akauliza kama huyo mwingine yupo hapo. Hakuwepo. Akafunga kitambaa kichwani.

Kijiji kiko kilomita kumi na moja kutoka mjini. Anapelekwa na Bakili, dereva wa bodaboda Mwislamu mwenye asili ya Tunduru, baba wa watoto wanne, ambaye amemzoea kiasi cha kumtania. Anamuuliza kama leo kabeba harusi au kilio. Devota anarudia maneno yake kwa kunong'ona. Baada ya mwendo kidogo anajaribu tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mama Malaika, hata kwetu Jibrili alipeleka tu. Hakuwa yeye aliyepanga."

"Endesha, baba," anasema Devota. "Nitasahau."

Anashuka kwenye mgomba wa mwisho kabla ya boma. Anatembea akichezesha midomo, akirudia maneno. Brigita yuko uani anapukuchua maharage. Anapomwona nani anakuja, anasimama, na ungo unaanguka.

Devota anabisha hodi, kisha anasema yote bila kupumzika: "Leticia amejifungua kwa upasuaji. Damu inamtoka. Daktari anasema uje sasa."

Brigita anamtazama. "Mwanangu atapona?"

"Sikutumwa hilo, dada."

"Safari ile ulijua."

"Sikujua." Devota anasogea hatua moja. "Safari ile sikujua kitu. Nilisema tu."

Ni mara ya kwanza kumwambia. Kwa miaka miwili Brigita alidhani daktari ndiye aliyetoa tumaini lile, na tarishi amelileta tu, na kwamba alichelewa kwa kuuamini mdomo wa daktari; alimkwepa Devota kwa sababu sura yake ilimrudishia siku ile. Sasa amesimama akitazama maharage yaliyomwagika, kama anayeyahesabu.

Brigita anamwaga maji kwenye moto, moshi unapanda. Anavuta kanga kwenye kamba na kutoka. Bakili, aliyekuwa akisubiri kwenye mgomba, anasema pikipiki inaweza kubeba wote wawili, wakibanana.

"Huyo atembee," anasema Brigita, na anapanda.

Devota anaokota maharage, anayarudisha kwenye ungo, anafungia kuku. Kisha anashika njia kwa miguu. Ni mwendo wa zaidi ya saa mbili, na katika saa hizo hajui kama Leticia ameshakuwa marehemu. Mara mbili anasimama. Anajiuliza neno moja laini lingemdhuru nani, halafu anaendelea.

Anapofika parokiani, mzee Otto anampa habari: Brigita alifika kabla ya saa tatu. Damu yake ilifaa, wakamtoa chupa moja. Jioni inafika habari nyingine: Leticia amefumbua macho na kuomba uji.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Hadi Ijumaa Leticia alikuwa bado wodini na mtoto wake, akiwa na homa, na madaktari hawajasema lini ataruhusiwa. Devota hupita nje ya geti la hospitali kila akienda posta. Haingii. Hajatumwa.

Mwezi wa Desemba atastaafu. Kabla ya hapo anataka kila jumuiya itoe mtu mmoja amfundishe: kushika maneno, kushuka mbali, kunyamaza pale ujumbe unapoishia. Tayari wamejiandikisha saba.

Akiulizwa anatumaini nini kwa Brigita, anafunga kitambaa chake upya.

"Sitaki aniambie amenisamehe," anasema. "Maneno ni mepesi, mimi nayajua. Nataka siku moja awe na habari ya kupeleka mahali, aje pale ofisini, anitume mimi."