Bustani ya Watu Wanaoondoka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama katikati ya bustani yangu, jembe mkononi, mtoto mgongoni, na sikujua nilime au niache. Udongo ulikuwa umelowa mvua ya kwanza, na ulitoa ile harufu inayomfanya mwanamke akaze nguo kiunoni bila kuambiwa. Nikainua jembe. Nikalishusha. Nikaliinua tena. Jirani aliyekuwa akipita na mtungi alinicheka, akauliza kama ninajifunza ngoma mpya.

Leo nimepita uani kwako nikakuta ardhi tupu, imefagiwa safi kama sakafu. Umeniambia mumeo hajaamua kama mtabaki hapa Kindu au mtahamia Kailo, kwa hiyo kupanda ni kujichosha bure. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, nilipokuwa na umri wako. Ndiyo maana nimekuita ukae.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na mto. Babu yako Hamadi alikuwa fundi wa kushona kanzu, na tuliishi na mama yake, Bi Salma. Huyo alitoka pwani na msafara akiwa bado msichana, na safari nzima ile ya miguu alibeba mche wa asumini ndani ya kibuyu kilichokatwa mdomo. Wenzake walibeba nguo na shanga. Yeye alibeba tawi lililokatwa mlangoni kwa mama yake. Maji yalipokuwa haba njiani, aligawana na mche maji yake. Alipofika hapa aliupanda kwenye ua wa matete nyuma ya nyumba, ukatambaa mpaka juu, na kila jioni ulipofungua maua, alikaa chini yake akatunga kishada bila kusema na mtu.

Mimi nilizaliwa ng'ambo, Alunguli, kwa watu wa shamba. Kwa hiyo tuligawana bila kugombana: ua wa matete ulikuwa wa maua yake, na ardhi iliyobaki ilikuwa ya mboga zangu, lengalenga, bamia, maboga na nyanya chungu.

Kisha zikaja habari za vita. Asubuhi tunaambiwa Wazungu wanapanda mto na bunduki. Mchana tunaambiwa hapana, wamerudi. Jioni mtu mwingine anaapa kwamba vita viko juu ya mto, siyo chini, na anayekimbilia huko anavifuata. Hamadi alikuwa anatoka na habari moja na kurudi na nyingine.

"Fungeni mizigo," alisema siku ile ya kwanza. "Mitumbwi inakuja."

Bi Salma hakufunga nguo wala sufuria. Alichukua jembe akachimba asumini, akaiweka ndani ya chungu na udongo wake. Kwao, mtu anayehama haachi mzizi wake nyuma. Jua lilipotua Hamadi akarudi. "Hatuendi. Wenye mitumbwi wameogopa." Bi Salma akaurudisha mche ardhini, akaumwagilia. Baadaye ikawa tunaondoka tena, akauchimba tena. Halafu ikawa hatuondoki. Kila alipochimba, mizizi mingine ilikatika, na majani yakaanza kuanguka.

"Mama," nilimwambia, "tuuache basi mpaka tujue."

"Na tukiondoka ghafla?"

"Lakini unakufa."

"Naona unakufa! Nina macho. Lete maji."

Na mimi je? Mboga za zamani zilikuwa zimekwisha kwa kiangazi. Mpunga ulikuwa haba, kwa sababu kila mtu aliyekuwa nao aliuficha. Nilikula kidogo, maziwa yakapungua, na mtoto akawa ananyonya, anaachia, ananitazama usoni, kisha analia. Nilijua kabisa kwamba nisipopanda hatutakula. Nilijua pia kwamba nikipanda tutaondoka kabla mbegu haijaota. Mambo mawili ninayajua, na nikiyaweka pamoja sijui kitu. Hivyo ndivyo jembe lilivyokuwa linapanda na kushuka asubuhi ile.

Mama yangu alifika jua lilipokuwa limepanda kidogo. Alivuka mto na kikapu cha muhogo kichwani, na kibuyu kidogo cha mbegu kimefungwa kwa jani la mgomba. Akasimama kwenye ua, akaita kwa Kiswahili cha kwao, ambacho ndiyo ni njo.

"Hodi! Hapa njo nyumba ya muntu ama njo kiwanja cha ngoma?"

"Karibu, mama."

"Karibu wapi? Miye natafuta bustani ya mutoto yangu. Siioni."

"Mama, tunaondoka."

"Lini?"

"Sijui. Labda kesho. Labda hatuondoki."

"Na leo munakula nini? Munakula labda?"

Bi Salma akatoka ndani na kopo la maji, akaja upande wangu. "Usimlaumu mtoto, mkwe wangu. Nani anapanda mahali asipovuna?"

"Kwetu, mukwe, muntu akihama shamba, anapanda kwanza. Anayekuja nyuma atakuta chakula."

"Na huyo anayekuja nyuma ni nani?"

"Miye nitajua wapi? Iko muntu." Kisha mama akatazama asumini, ambayo sasa ilikuwa fimbo yenye majani machache. "Na hii maua yako inapikwa na chumvi ama na mawese?"

Nilidhani watapigana. Bi Salma aliweka kopo chini taratibu. "Haipikwi," alisema. "Inanifanya nijue kwamba nimelala kwangu."

Mama aliinama akagusa yale majani machache. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi usiiue, mukwe. Unaihamisha kama mbuzi."

Nilikuwa kati yao, mwanangu. Mmoja ananiambia mwenye kuondoka huchukua mzizi wake. Mwingine ananiambia mwenye kuondoka hupanda. Wote wawili mama zangu, wote wawili wananipenda, na mtoto analia mgongoni. Nilianza kulia na mimi. Mama hakunibembeleza. Alininyang'anya jembe mkononi, akaniambia, "Keti, nyonyesha," akaanza kulima. Alilima mpaka kwenye matete. Akachanganya mbegu za lengalenga na majivu ya jikoni, akazitupa kwa mkono uliozoea, na pembeni akafukia mbegu za maboga. Halafu akanawa miguu, akavuka kurudi kwake.

Siku zikapita, nasi bado tunaondoka, bado hatuondoki. Lengalenga haikungoja habari. Iliota, tukaipunguza, tukala miche midogo na mawese, na maziwa yangu yakarudi. Mtoto akaacha kunitazama vile.

Na ilipokuwa bustani imejaa, ndipo mitumbwi ikafika kweli. Bi Salma alichimba mche wake mara ya mwisho. Mimi nilitaka kung'oa mboga zote. Nilikasirika! Nimengoja kwa njaa, na sasa chakula kipo, ninakiacha. Nilichuma cha safari, nikashika shina jingine ili niling'oe, kisha nikaliachia. Usiniulize kwa nini. Sikuwa na wema moyoni. Labda mikono ilikuwa imechoka.

Asumini ilikufa mtoni. Jua lilikuwa kali, na wapiga makasia hawakupenda chungu cha udongo kati ya miguu yao. Bi Salma alibaki ameshika chungu chenye kijiti kikavu, na huko tulikokimbilia alikiweka kando ya kitanda chake. Hakuna aliyethubutu kumwambia akitupe.

Tuliporudi, mvua nyingine zilikuwa zimeanza. Nyumba nyingi za mtaa wetu hazikuwapo tena. Palibaki mashimo ya nguzo tu. Yetu ilikuwa imesimama, na moshi unatoka. Mwanamke tusiyemjua, mtu wa upande wa Lubutu, alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Munatafuta nani?"

"Hii ni nyumba yetu," Hamadi alisema.

Alitutazama mmoja mmoja, akateremsha mwiko. "Ah. Njo nyinyi. Nilijua mutarudi."

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Zile nyumba zingine, bustani ilikuwa tupu. Watu wakasema, hawa wamekwenda kabisa. Wakang'oa nguzo, wakapikia. Hapa nilikuta lengalenga mupaka kiunoni, na maboga yamelala chini. Nikasema, muntu anapanda hivi hajakwenda mbali. Walipokuja kutafuta kuni, niliwafukuza na huu mwiko."

Mimi sikuwa nimepanda ili nirudi. Hata sikuwa nimepanda.

"Jambo moja tu," mwanamke akaendelea. "Ile kamba ya majani kule kwenye matete, mulipanda ya nini? Haina tunda. Naing'oa hapa, inatokea pale. Naing'oa pale, inatokea kule. Imenichosha!"

Bi Salma alikwenda mbio, mzee yule, na chungu chake. Kila mahali alipochimba na kukata mizizi kwa hofu yake, vipande vilivyobaki ardhini vilikuwa vimechipua. Asumini ilikuwa imetoka kati ya maboga, imepita chini ya ua, imejitokeza hata karibu na jiko. Alikaa chini katikati yake, chungu cha kijiti kikavu mapajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwanamke wa mwiko aliogopa, akafikiri amemwudhi. Aliishi nasi mpaka alipojenga nyumba yake, na mboga tuliila pamoja.

Nilipomwona mama yangu, nilimuuliza kama alijua yatakuwa hivyo.

"Miye?" alisema. "Nilitaka mutoto anyonye."

Nimezeeka, na bado sijui nani alikuwa na haki. Aliyepanda hakuwa na habari ya nyumba. Aliyeharibu mche ndiye aliyeueneza. Nikijaribu kulipanga jambo hili vizuri kichwani, linanichanganya upya. Lakini yule mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye baba yako, na alinyonya.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usingoje ujue ndipo upande. Kuhama au kubaki ni habari ya kesho, na habari hubadilika kabla chungu hakijachemka. Njaa ni ya leo. Panda mboga inayoota upesi. Ukibaki, utaila. Ukiondoka, iache isimame, iko muntu. Na kama una kitu unachokipenda kama Bi Salma alivyopenda ule mche, usikichimbe kila mtu anapokuja na neno jipya. Kuchanganyikiwa si aibu. Nimechanganyikiwa maisha yangu yote. Ila mikono yako isingoje kichwa kitulie.

Nimekuwekea kibuyu cha mbegu pale kizingitini, na tawi la asumini ndani ya jani bichi. Mungu akujalie mvua ikukute umeshapanda, mtoto wako ashibe, na popote utakapohamia ukute mtu aliyekutangulia amekuachia mboga. Haya, nenda kachukue jembe.