Mwaka Tuliochanganya Vitabu vya Hesabu

Jumapili moja hivi karibuni, baada ya ibada hapa Richardson ninakosoma chuo, mama mmoja kijana alinifuata hadi kwenye maegesho. Alikuwa amesikia kwamba mimi niliwahi kusomea nyumbani, naye anafikiria kumtoa bintiye shuleni. Ana vitabu viwili vya hesabu, kimoja amenunua, kingine amepewa, na kila mtu anamshauri lake.

"Dada," akaniuliza, "mtu anaweza kuvichanganya? Au nitamharibu mtoto?"

Nikamjibu kwamba inawezekana, wengi wanafanya hivyo, mtoto haharibiki. Kisha nikasingizia jua, nikaingia garini, nikakaa mikono juu ya usukani bila kuwasha. Wewe ngoja nikueleze yote, maana yeye sikuweza kumweleza.

Tulifika Houston tukitoka kambi ya wakimbizi Kigoma, sisi wanne: baba, mama, dada yangu na mimi. Kambini baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifundisha kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba siku moja tungerudi Fizi na watoto wasikutwe wameachwa nyuma. Houston akawa mtu wa kupanga maboksi ghalani, zamu ya kuanzia mchana. Mama alisafisha vyumba vya hoteli Sugar Land. Dada alikuwa amenizidi miaka miwili, na alikuwa amezaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu.

Kama hujaishi na mtu mwenye ugonjwa huo, ujue kwanza kwamba ni ugonjwa wa maji. Siku nzima mtu anakumbushwa kunywa. Chupa kubwa ya dada ilikuwa kazi yangu: kuijaza, kuisogeza karibu yake, kuipima kwa macho. Mama alikuwa na msemo wake: "Damu ya dada yako ni mfereji, usipopita maji takataka zinakaa." Zikikaa, dada alilia mifupa, na kilio cha mifupa hakina mfano. Unamwona mtu anajikunja kitandani na huna pa kumshika, kila unapogusa panauma.

Mwaka ule wa mafuriko makubwa tulikuwa Alief. Maji yaliingia hadi ngazi ya kwanza, tukatoka tumebebana, dada akalowa na kupata baridi. Tangu hapo akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Shule ikaanza kutuma barua za utoro. Baba alizisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, na ya tatu alipoimaliza aliikunja akasema, "Basi. Nitawafundisha mwenyewe." Mama akauliza kwa nini na mimi, mbona mimi siumwi. Baba akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Dada angesoma na nani?

Ndivyo nilivyotolewa shule nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sitakuficha, nilifurahi kupita kiasi.

Muda si mrefu tukahamia Stafford, kwenye vyumba vya bei nafuu kando ya reli. Ukiniuliza utoto wangu uko wapi, nitakupeleka jikoni mle. Meza ya plastiki nyeupe yenye alama ya sufuria moto. Maharage yakichemka tangu asubuhi, kifuniko kikigonga-gonga. Kiyoyozi kikiunguruma kama mzee anayesafisha koo. Treni ya mizigo ikipita, tulinyamaza wote watatu, kalamu zikingoja, hadi behewa la mwisho. Siku mama alipopata sombe, majani ya muhogo, kwenye duka la Wakongo, mimi ndiye niliyeikoroga huku nikitaja jedwali la nane kwa sauti, na baba alijibu kutoka mezani nilipokosea, bila kuinua macho.

Baba alifundisha alivyofundishwa. Hesabu za kugawanya aliziandika kwa mtindo wa Kifaransa: namba inayogawanywa kushoto, kigawanyo kulia, mstari wima katikati kama ukuta wa jirani. Desimali alitenga kwa mkato, aliouita virgili. Dada alishika kila kitu mara moja. Alikuwa na namna ya kufumba jicho moja, kisha jibu likatoka, na baba akabaki na chaki mkononi hana la kuongeza.

Tatizo likawa hili: dada alitaka kurudi shule siku moja, na huko angepimwa kwa hesabu za huku. Baba hakuzijua. Aliyemwokoa ni jirani wa juu, Mkenya aliyewasomesha wanawe watatu nyumbani. Sisi tulimwita Mama wa Juu. Alishuka asubuhi moja na kikapu cha vitabu vilivyokwisha kutumika, akaviweka kando ya maharage.

"Mwalimu," alisema, "njia yako ni poa, lakini hawa wasichana watafanya mtihani wa hapa. Hii moja inafunza kitu kimoja mpaka kiishe ndiyo ianze kingine. Hii ingine inarudia-rudia, kila siku kidogo kidogo ya kila kitu. Sasa usiwape zote mbili nzima, utawaua. Moja iwe ya kufunza, ingine ya mazoezi."

"Na yangu?" baba akauliza, akilishika daftari lake la kambini.

"Hiyo yako iwe chumvi."

Baba alicheka kwa heshima tu, maana mwalimu hapendi kuitwa chumvi. Lakini alivikalia vitabu vile wiki nzima kabla ya kwenda kazini, akajifunza upya inchi, futi, paundi na galoni. Alichukua kalenda ya zamani, akaandika nyuma yake somo gani la kitabu cha kwanza linaendana na mazoezi gani ya cha pili, akafuta yaliyojirudia. Ikawa hivi: jedwali kutoka daftari lake, halafu somo, halafu maharage, halafu maswali kumi.

Kulikuwa na asubuhi za raha, na ningependa uzijue. Swali moja lilisema shule ina wanafunzi 1,250. Baba alilisoma kwa virgili yake: shule ina mwanafunzi mmoja na robo. Akasimama, akalisoma tena, akauliza Wamarekani wanamtoaje huyo robo. Dada akasema, "Huyo robo ni mimi, siku za kuumwa." Baba alicheka hadi akavua miwani. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Dada alikuwa akimaliza vitabu, na Mama wa Juu akashusha vingine.

Kisha dada akaanza kukosea.

Mwanzo lilikuwa jambo dogo. Saba mara nane, jambo alilolijua tangu kambini, akalitafuta hewani asilione. Namba alizozipanga wima zikaanza kuteleza, makumi yakakaa chini ya mamia. Alilalamika kichwa kinamuuma. Alishika kalamu kama imepakwa mafuta. Niliona, kwa sababu nilikaa ubavuni mwake, na nilifanya ambacho mdogo hufanya: nikamnong'oneza jibu. Kwanza tulicheka. Baadaye hatukucheka tena. Mchana mmoja baba alipokwisha kwenda kazini, dada alinisukumia daftari lake akasema, "Niandikie. Na usimwambie baba."

"Kwani una nini?"

"Sijui. Namba zinaondoka."

Nikaandika. Niliiga mwandiko wake, nikaacha kosa moja moja makusudi ili isionekane uongo. Nilijivunia ujanja huo.

Lakini mbele ya ubao hakuna wa kukuandikia. Baba alipomsimamisha, dada alikwama. Baba hakuelewa. Daftari linasema mtoto anajua, mdomo unasema hajui. Alitafuta sababu, akaipata kwenye vitabu: njia tatu za kugawanya, virgili hapa, nukta pale, mtoto amevurugika. Alipanda juu na kikapu, nami nyuma yake.

"Mama, asante kwa wema wako," alisema mlangoni. "Lakini mtoto wangu alikuwa anajua. Vitabu hivi vimemvuruga."

Mama wa Juu alikipokea kikapu. "Mwalimu, vitabu havifanyi hivyo. Umempeleka hospitali?"

Baba alijibu kwamba damu ya mtoto ilikuwa imepimwa, akashuka. Damu kweli ilikuwa imepimwa. Kisichokuwa kimepimwa ni kichwa. Watoto wenye selimundu hupimwa mishipa ya kichwa kila mwaka. Ile miadi ilipita tulipohama, barua ikaenda Alief, na mama alidhani watapiga simu. Ni jambo dogo namna hiyo. Mama bado hulitaja anapokunja nguo, bila kumwambia mtu.

Tukabaki na daftari la baba peke yake. Hakutupiga, hakuwahi kutupiga. Ila alimsimamisha dada kila asubuhi ataje jedwali la saba, na alipokwama, arudie mwanzo. Dada alilia kimya, maji ya pua yakimfika mdomoni, akirudia mwanzo. Siku moja baba alipiga meza kwa kiganja, sufuria ikaruka. "Uvivu huu umeutoa wapi? Wewe? Wewe!" Akampa adhabu ya kuliandika jedwali lile mara mia. Dada aliandika chache, mkono ukachoka, ukalala juu ya karatasi kama kitu cha mtu mwingine. Zilizobaki niliandika mimi.

Ilikuwa Jumanne, wiki iliyofuata. Baba ameandika ubaoni, maharage yanachemka, dada anakunywa maji. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo, yakamwagika kifuani, naye hakuyafuta. Nikamwambia, "Dada, unajimwagia." Akanigeukia na nusu ya uso. Nusu nyingine haikuja. Akasema kitu ambacho hakikuwa neno la lugha yoyote, akateleza kutoka kitini. Baba alimdaka kabla hajafika sakafuni, akawa anamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu kambini. Mimi ndiye niliyepiga simu ya dharura. Kiingereza changu chote kilinipotea. Nilitaja anwani mara tatu.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya ubongo. Hakukuwa na mkalimani chumbani, alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, sauti ya mwanamume mpole wa Tanzania ambaye hatukumwona kamwe. "Daktari anasema ni kiharusi, hili doa kubwa ni la leo," sauti ikasema. "Lakini anasema pia kuna makovu madogo, hapa na hapa. Hayo si ya leo. Ni ya miezi. Anauliza, mliona mabadiliko yoyote katika masomo yake?"

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nilidhani ni vitabu," alisema.

Mimi nilisimama ukutani. Niliyeona miezi yote ile nilikuwa mimi.

Nilikaa na jambo hilo hadi mwaka uliofuata, ule ambao watoto wa Houston nzima walisomea nyumbani na makanisa yakafungwa. Jumapili moja baba alikuwa nje anaosha gari. Dada alikaa kwenye kiti kivulini, mkono wa kulia umekunjwa mapajani. Nikamwendea baba na ndoo, nikamwambia yote: majibu niliyonong'ona, daftari nililoandika, zile mia. Niliyasema nikitazama matairi.

Aliendelea kufuta kioo. "Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Dada yako aliandika saba kama Wamarekani, bila mstari katikati. Alijifunza kwenye vile vitabu. Wewe unaikata katikati, kama mimi. Daftari lake lilijaa saba zilizokatwa."

Nikamuuliza mbona hakusema. Alikamua kitambaa hadi kikatoa tone la mwisho.

"Yalikuwa majibu sahihi, mwanangu. Nilitaka yawe yake."

Hatujalizungumza tena.

Baba alijaribu kumfundisha upya. Alianza na moja, kwa punje za maharage, mkono wake juu ya mkono wa dada. Walifika kujumlisha, wakafika kujumlisha kwa kubeba, na siku hiyo mama alipika wali na kuku. Halafu hawakuvuka hapo. Baba hakutangaza kuacha. Asubuhi moja tu hakuvuta kiti, akaenda kulala kidogo kabla ya zamu, na ubao ukaanza kutumika kuandikia vitu vya kununua sokoni. Mama wa Juu alihamia Fort Worth, tukaagana ngazini. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Baba alimpa mkono, akataka kusema kitu, Mama wa Juu akamwambia, "Wacha, Mwalimu. Wacha tu."

Mimi nilirudi shule. Nilipopimwa nilikutwa nimewazidi wenzangu. Sasa ninasoma hesabu chuoni, na nikienda Stafford likizo dada hunipokea mlangoni akiburuta mguu, akicheka, akinishika uso kwa mkono mzima. Anakumbuka nyimbo zote za kambini. Anakumbuka baba aliposoma mwanafunzi mmoja na robo, ingawa akiombwa aeleze kilichochekesha, hawezi.

Kanisani watu humpongeza baba. Humwambia, Mwalimu, umefanya kazi, umemsomesha binti jikoni hadi chuo kikuu. Yeye hushukuru na kutazama viatu vyake. Hawajui kwamba darasa lile lilikuwa la wanafunzi wawili, na mimi nilikuwa wa pili.