Mstari kwenye Paji la Mama

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha mafunzo cha Karuba, kijana mmoja wa darasa letu alinitazama nikishika kipanya cha kompyuta, akacheka.

"Mama, ile haiko jembe," alisema. "Ukiikamata na nguvu ivyo, itakufa."

Wote walicheka. Na mimi nilicheka kidogo ili yaishe. Nilikuwa nimepalilia maharagi siku nzima ya Jumamosi, na vidole vyangu vilikuwa bado vimejikunja kama vimeshika mpini. Mwalimu alikuja akaniwekea mkono wake juu ya wangu, taratibu, akaonyesha jinsi kidole kimoja kinavyotosha kubonyeza. Alikuwa kijana aliyesomea Goma, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mama, kama wanafunzi wengine.

Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla msimu wa mvua haujaisha. Nilibaki na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado anacheza na magurudumu ya miti, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa bado ananyonya. Hakuna aliyeniambia niache masomo. Asubuhi moja niliamka nikachukua jembe, na asubuhi zilizofuata zikawa vile vile. Tulikula maharagi yetu na bugali wa mihogo yetu, na hao wawili wakakua.

Jambo pekee lililonibakia kutoka shuleni lilikuwa mwandiko. Kwa kuwa nilijua kuchora herufi kubwa, watu wa Kibabi, kwetu, waliniletea mbao na rangi: andika jina la duka, andika kanisa, andika hapa tunanyoa. Ndugu yangu, yule mdogo wa kiume, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya abiria, ndiye aliyesikia habari za kile kituo.

"Dada, kule Karuba banafundisha graphisme ya ku ordinatere," aliniambia, yaani kuchora kwa kompyuta. "Weye mukono yako iko tayari. Mie nitakuwa nakupeleka kila Lundi."

"Na shamba?"

"Shamba haitakimbia."

Kweli halikukimbia. Liliningoja. Siku za masomo nililala Karuba kwa mama mudogo, yaani dada yake mama, na Ijumaa nilirudi nyumbani, mlimani juu ya Kibabi, nikakuta magugu yameota urefu wa kidole. Jumapili kanisani nilisinzia wakati wa mahubiri. Lundi, yaani Jumatatu, asubuhi nilikuwa tena nyuma ya pikipiki, uso umejaa ukungu, nikijaribu kukumbuka maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa juu ya kioo cha kompyuta, kwa sababu pale kila kitu kinaamriwa kwa Kifaransa.

Kompyuta zilikuwa chache kuliko sisi, na umeme ulitoka kwenye mabamba ya jua juu ya paa. Mvua ikikaribia kutoka upande wa Masisi, mwalimu alipiga makofi na kusema, "Hifadhi, hifadhi," nasi tukakimbilia kuhifadhi kazi kabla mashine hazijazimika. Wengi wetu tulipoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya wingu moja. Zikizimika, tulichora alama za vifaa vyote vya kwenye kioo kwa kalamu kwenye karatasi, kila kimoja mahali pake, ili zamu ikirudi tusitafute.

Somo lililonichosha kuliko yote lilikuwa lile la kalke. Picha, alisema mwalimu, haichorwi mahali pamoja. Ni tabaka juu ya tabaka, ndizo kalke, na kila tabaka unaweza kuliinua peke yake. Sikumwelewa hadi siku niliyofikiria majani ya ndizi tunayofunika juu ya sufuria ya mihogo. Unainua la juu, la chini linabaki, mvuke hautoki. Baada ya hapo mkono wangu ulianza kutii.

Wakati huo ndugu yangu alikuwa amepata mchumba, msichana wa ng'ambo ya bonde letu, na familia zilikubaliana siku ya mahari. Siku hizi kwetu, kijana yatima akipeleka mahari, picha za wazazi wake huwekwa kwenye viti viwili vya mbele, ili asionekane amekuja bila watu. Picha ya baba tulikuwa nayo. Alipigwa picha sokoni Kalembe, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria, mikono ameiweka kiunoni kama mwenye ndege ile. Ya mama haikuwepo. Kilichobaki ni kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na kila mtu anajua jinsi kadi zile zinavyofifia. Niliihifadhi ndani ya Biblia, lakini kila mwaka nilipoifungua uso ulikuwa umeondoka zaidi. Macho yalikuwa bado yapo. Mdomo ulikuwa unakwenda.

Mdogo wetu wa mwisho hakuukumbuka uso ule hata kidogo. Aliuliza tangu akiwa mtoto. "Mama alikuwa namna gani?" Nami nilijibu alikuwa mrefu, alikuwa mweusi, alikuwa anacheka pole pole, na nilijua kwamba simwonyeshi kitu.

Kwa hiyo mwalimu aliposema kila mmoja achague kazi ya mwisho ya masomo, nilimpelekea kadi. Nilimweleza kwamba picha inahitajika kwenye kiti, na kwamba kwa namna kadi inavyokwenda, mwaka mwingine hakutakuwa na kitu cha kuokoa. Aliitazama kwa muda, akaiweka chini ya mashine ya kunakili picha.

Kazi ile ilinichukua majuma. Uso wa mama ulipofika kwenye kioo ulikuwa mkubwa kuliko uso wangu, umejaa vidoa na mikwaruzo. Niliondoa kidoa kimoja, nikahifadhi, nikaondoa kingine. Niliurudisha mdomo kidogo kidogo. Kwenye paji la uso kulikuwa na mstari mpana wenye kivuli, toka upande mmoja hadi mwingine.

"Na hii ni nini?" mwalimu aliuliza.

"Ni kadi," nilijibu. "Ilikunjwa."

Basi nikauondoa ule mstari pia. Paji likawa laini kama yai. Mwalimu alisema ni kazi safi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo nilisikia mabega yangu yameshuka.

Ijumaa ile nilipeleka nyumbani nakala ndogo. Mdogo wetu aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

"Njo yeye?" aliuliza kama ndiye.

"Njo yeye."

"Alikuwa muzuri ivi?"

Hakutaka kuiachilia. Ndugu yangu aliporudi na pikipiki yake, ilibidi aitazame ikiwa bado mikononi mwa mdogo wake. Aliitazama, akavua kofia, akaitazama tena.

"Uyu mama hajabebaka kitu," alisema.

"Namna gani?"

"Macho njo yake. Mudomo njo yake. Lakini uyu hajabebaka kitu. Alama ya kamba iko wapi?"

Hapo nilikaa chini. Mama alibeba kitunga mgongoni maisha yake yote, kama wanawake wote wa milima yetu, kamba imepita kwenye paji la uso. Kuni, maharagi, mihogo, maji, na sisi wenyewe juu ya mzigo. Kamba ilikuwa imemchimbia mfereji kwenye paji. Barabarani haukuonekana, kwa kuwa alifunga kitambaa. Siku ya kupigwa picha ya kadi aliambiwa akivue. Ndugu yangu alipokuwa mdogo alipenda kupitisha kidole katika mfereji ule wakati mama anapumzika, toka mwanzo hadi mwisho, kama anayeendesha gari lake. Mimi nilikuwa mkubwa. Nilikuwa nyuma yake njiani, na kitunga changu.

"Mie napenda hii," mdogo wetu alisema, akiificha picha kifuani. "Muniachie hii."

"Hii ni muntu mwingine," kaka yake alimjibu. "Utaweka muntu mwingine ku kiti ya mama?"

Mdogo wetu alilia, si kwa sauti. Nami sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Alikuwa ameona uso wa mama kwa mara ya kwanza, na jioni ile ile tukamwambia siye yeye.

Lundi nilirudi kituoni. Niliinua kalke zangu moja baada ya nyingine nikitafuta mstari, lakini chini ya zote, kwenye nakala ya kwanza, ulikuwa kivuli tu kisicho na ngozi. Na kadi yenyewe sasa ilikuwa imefifia zaidi pale pale.

"Huwezi kutengeneza ngozi kutoka hewani," mwalimu alisema. "Tafuta ngozi nyingine inayofanana. Picha ya dada yake, labda."

Mama mudogo alikuwa muuza maziwa na hakubeba mizigo mizito. Paji lake lilikuwa tambarare. Nilikuwa bado nawaza hivyo wingu lilipoingia. Mwalimu alipiga makofi. Nilihifadhi, kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule nikauona uso wangu umechoka, kitambaa kimerudi nyuma. Nilikivua kabisa. Nilipitisha kidole kwenye paji. Mfereji ulikuwepo, toka upande mmoja hadi mwingine.

Nilimwomba yule kijana wa jembe anipige picha kwa simu yake.

"Mama, unatafuta bwana?" aliuliza.

"Piga paji tu. Bwana hatafutwi kwa paji."

Alicheka, lakini alipiga vizuri, karibu na dirisha. Jua liliporudi nilikata paji langu kutoka ile picha ya simu nikaliweka kwenye kalke ya juu, nikalipunguza, nikaligeuza kidogo kufuata kichwa cha mama. Liliingia bila kazi kubwa. Siku ya kuonyesha kazi za mwisho, wageni waliokaa na mwalimu waliniuliza kwa nini sikusafisha ule mstari. Nilisema ni wa mwenye picha. Waliandika kitu, wakanipitisha pamoja na wenzangu.

Siku ya mahari, kwao mchumba, tuliweka picha mbili kwenye viti viwili. Mjomba wetu, ndugu yake mama, alikuja kutoka Kalembe, amechoka na njia. Hakusalimia mtu kabla hajafika kwenye kiti kile. Aliinama akaitazama picha.

"Paji njo lake kabisa," alisema mwishowe.

Ndugu yangu alinitazama, kisha akatazama chini. Nilivuta kitambaa changu mbele ya paji.

Mdogo wetu hakusogea karibu hadi watu walipoanza kula. Aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Sasa anafanana na weye," alisema.

"Haikupendezi?"

"Sijuwe. Nitazoea."

Tulipokuwa tunarudi, mizigo ilikuwa mingi: sahani, vitenge, mihogo tuliyopewa na wakwe. Nilipanga vyote ndani ya kitunga, nikaweka picha ya mama juu, nikaifunika. Mdogo wetu alishika kamba kabla yangu.

"Dada, umechoka. Leta, mie nibebe."

Nilikuwa nimechoka, hakusema uongo. Mlima ulikuwa bado wote mbele yetu. Nilimwondoa mkono kwenye kamba, nikaitoa picha ndani ya kitunga, nikampa.

"Beba hii," nilimwambia. "Mu mikono."