Mchanga Laini wa Kisima Chetu

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya dada. Yeye alikuwa anaoga, na maabara walikuwa wamemwambia majibu yatatumwa kabla ya saa kumi. Simu ikalia. Sikuifungua. Nilienda nayo hadi bafuni, nikaipitisha juu ya viroba tulivyozungushia, naye akaipokea kwa mkono wenye povu. Kisha nikasikia maji yameacha kumwagika.

Dada yangu alikuwa injinia. Mgodi mkubwa wa upande wa Segese ulimwajiri miaka minne, kazi yake kusimamia kingo za mabwawa ya maji machafu. Hapa Nyarugusu mama hana jina lingine, ni Mama Injinia mpaka kanisani. Mwaka jana dada aliacha kazi, akarudi chuo kusomea uzamili wa usimamizi wa mazingira. Mama alilia siku mbili. Mtaani walicheka. Shuleni kwetu mazingira ni kuokota makaratasi na kufagia kabla ya paredi, kwa hiyo hata mimi, nisidanganye, nilidhani ameshuka.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini aliacha. Huwa siulizi mambo. Hata darasani jibu nikilijua nalikalia mpaka mwingine alitaje. Dada alisema, "Nilikuwa napima maji yasitoke bwawani. Siku moja nikauliza yamebeba nini, nikaambiwa hicho si kitengo chako. Basi nikaenda kukisomea."

Kiangazi hiki amekuja kufanya utafiti wake. Anachukua maji ya visima vilivyo karibu na mialo, pale wachimbaji wadogo wanapoosha mawe yaliyosagwa na kuinasa dhahabu kwa zebaki. Mimi namwandikia lebo za chupa, maana ananisifu mwandiko. Visima vilikuwa saba. Cha saba ni chetu, kilicho mbali na mialo kuliko vyote. Siku ile naandika lebo yake alisema, "Hiki ndicho kizuri. Hivi vingine tutavilinganisha na hiki."

Alitoka bafuni na khanga, nywele bado zina povu, akakaa kwenye ngazi ya jiko. Akanionyesha simu. Sikuelewa safu zote, ila mstari wa saba niliuona. Ulikuwa umewekwa rangi nyekundu. Mingine miwili ilikuwa ya njano. Nyekundu ilikuwa moja tu.

"Wamechanganya chupa," nilisema.

"Lebo uliandika wewe."

Wakati huohuo jirani wa ng'ambo ya njia akaingia na ndoo yake. Ana mimba kubwa, ya kwanza. Haji mahali bila kutanguliza mdomo.

"Hodi kwa Mama Injinia! Au siku hizi tuseme Mama Mafagio?" Akamwona dada. "Ee shoga, umesoma vitabu vyote hivyo ndiyo ukimbie mgodi uje kuonja maji ya visima? Mimi ningekuonjea bure."

Dada alicheka. Alicheka kweli, nilimwona meno. Jirani akachota, akainama kwa shida, akanywa kata nzima palepale akiwa amesimama, akapangusa mdomo. "Maji ya kwenu matamu jamani. Mtoto akikaa bila kuyapata anarusha mateke." Kisha akanigeukia. "Na wewe bubu wangu, haya nitwishe."

Nikamtwisha. Dada akaendelea kukaa na simu imefunikwa kwenye khanga.

Alipoondoka, dada aliuliza kwa sauti ndogo, "Ule mchanga tuliutoa wapi?"

Nilikuwa darasa la nne lakini nakumbuka. Kisima chetu kilikuwa kikitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwaka aliohitimu, dada alisema zawadi yake kwa mama ni maji meupe. Akaajiri vijana wakakausha kisima, wakashusha pete za zege, na chini akapanga tabaka: kokoto, mkaa, juu yake mchanga mwingi. Mchanga wa mtoni aliukataa kwa sababu una udongo. Akachagua wa marudio, ule unaobaki kwenye malundo mialoni dhahabu ikishatolewa. Hapa kila mtu anaupigia plasta, sebule yetu pia. Tulikwenda kuuchukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, mimi nimekaa juu ya lundo, dada akinipaka kiganjani. "Ona ulivyo laini," alisema, "chembe zote sawasawa, hata kiwandani hupati chujio kama hili." Maji yakatoka meupe. Mtaa mzima ukaanza kuja, na mama akakataa kulipwa hata senti. Mimi ndipo nilipoamua kusoma sayansi.

"Tuliutoa kwenye marudio," nilimjibu. Alikuwa anajua.

Mama alirudi kutoka shambani jua likiwa bado lipo. Dada alimweleza akiwa anachambua mchicha. Alieleza vizuri, kama mwalimu: zebaki haina harufu, haina ladha, haiui leo, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Mama aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha, akawa anachambua vijiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi. Na msimamizi wangu chuoni atajua nikimfikishia."

"Huyu wa ng'ambo?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Mama, ana mimba."

"Namwona, sina upofu! Nikimwambia ataniuliza amekunywa tangu lini. Na mke wa fundi cherehani, aliyeharibikiwa mimba mbili, yeye ataniuliza nini?"

"Hatujui kama ni maji, mama."

"Basi hamjui. Nyamaza mpaka mjue." Akavikusanya vile vijiti. "Na wakanywe wapi? Kisima cha kanisa la kigango kimekauka tangu mwezi uliopita. Waende kwenye hivi vyako sita? Si umesema viko mialoni, mbali huko?"

Dada alisema mchanga unaweza kutolewa, ila kisima kikaushwe kwanza, na pete zing'olewe, na hata hivyo hajui kilichokwisha kuingia kwenye udongo. Mama akasema ukikausha kisima kiangazi mtaa mzima utakuja kuuliza. Nilitegemea dada aseme lile neno lake la kitengo. Nilimtazama kabisa, mimi nisiyemtazama mtu. Akainuka akaenda kusuuza povu kichwani, na maji aliyosuuzia yalikuwa hayohayo.

Niseme ukweli, nilimkasirikia zaidi yeye kuliko mama. Mama alikuwa anaogopa. Dada alikuwa ameacha mshahara na gari la kazi na sifa za mtaa mzima ili awe mtu wa kuuliza maji yamebeba nini. Sasa amejibiwa. Nikaona kumbe unaweza kwenda chuo mara mbili na kurudi na jibu usiloweza kulitoa nje ya geti.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri dada aliondoka na basi la kwanza, kurudi chuoni kabla ya siku alizopanga. Nilimsindikiza mpaka barabarani nimebeba boksi la chupa tupu. Alisema msimamizi lazima ayaone majibu kwanza, huenda wakarudia kipimo. Basi lilipopiga honi akanishika bega. "Mwambie yule wa ng'ambo. Wewe mwambie taratibu. Mimi nikimwambia ataona ni injinia anajitetea." Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Nilirudi nikakaa kwenye ukingo wa kisima. Nilipanga sentensi tatu. Nilizirudia moyoni kama ninavyorudia za kukariri, mpaka zikakaa.

Saa kumi na mbili na nusu jirani akaja, mkono kiunoni, ndoo kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba, bubu wangu. Injinia kaondoka? Hata kuniaga!" Akashusha ndoo, akashika tumbo. "Leo hajalala huyu. Mkorofi kama baba yake."

Nilifungua mdomo. Jikoni mama aliacha kupuliza moto. Nilisikia jinsi alivyoacha.

Nikashusha kamba. Nikavuta, nikammiminia mpaka ndoo ikajaa, nikamtwisha polepole ili asiiname. Akanishukuru, "Wabeja," akaondoka akiongea na tumbo lake.

Kisha nikachota ya kwetu, nikaingia nayo jikoni, nikateleka uji.