Mteja wa Bega la Kushoto

Fundi huyu wa makoti hapimi mwanamume. Kazi hiyo ni ya mdogo wake wa kike, mwenye maneno mengi kuliko sindano za duka zima. Mdogo mtu humpima mteja pale mbele na kuita vipimo kwa sauti. Dada mtu hukaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, akichora kwa chaki na kukata. Wateja hudhani ni maringo. Acha wadhani. Alipokuwa msichana, mwajiri wake wa kwanza alimfungia stoo msimu mzima wa mvua, na tangu atoke humo hajaweza kumgusa mwanamume. Mwajiri alitupwa jela. Mwaka ule mdogo wake ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, taa ikiwaka, na ndiye aliyemshika mkono kortini.

Basi kulikuwa na mteja wao wa miaka ambaye mdogo wake alimwita Bega tu, kwa kuwa bega lake la kushoto limelala. Fundi alimpenda bure mteja huyo asiyemjua. Kila koti lake alilitia pamba upande mmoja, akalihangaikia mpaka mabega yakalingana, kisha akajisifu peke yake mle ndani.

Asubuhi moja mdogo wake alichelewa. Mtu akabisha hodi, akasema amekuja kuchukua koti la Bega. Fundi akapiga moyo konde, akatoka nalo. Mwanamume aliyesimama kaunta, kichwa kimejaa mvi, akatabasamu, na koti likamponyoka fundi mikononi. Mvi zilikuwa mpya, tabasamu lilikuwa lilelile la mlango wa stoo.

"Usiogope," akasema. "Mimi mteja wenu. Bega lilivunjika hukohuko jela, lakini ukinishonea wewe halionekani. Mdogo wako anasema hujui ni mimi. Nikamwambia, anajua huyo, mbona ananishonea kwa upendo hivi?"

Hasira zikampanda hata akasahau woga. "Toka!" Alipiga ukelele mpaka kinyozi wa jirani akaja mbio, mashine ingali inanguruma mkononi. Bega akaondoka bila koti.

Mdogo wake alipofika alilikuta sakafuni, na hakuhitaji kuambiwa. Machozi yalitangulia maneno.

"Dada, mara ya kwanza nilimfukuza, haki ya Mungu tena. Akarudi, akalia hapahapa. Akasema amebadilika, anataka siku moja akuombe radhi. Nikaona nikuzoeshe kidogo kidogo..."

"Unizoeshe vipi, na mimi sijui?"

Yule wa maneno mengi akainama, akaliokota koti.

"Miaka yote hii namtengeneza apendeze, wewe ukiniitia vipimo vyake?"

"Nisamehe, dada. Sikuwa upande wake."

Fundi hakupaza sauti tena.

"Yule aliponifungia," akasema, "angalau nilijua nimefungiwa."